Mtu Namba 212

Chumba cha mafaili, 4 Machi

Dada,

Kwanza nakusalimu. Pili naomba radhi kwa kuchelewa kuandika. Tatu, sina sababu yoyote ya maana ya kuchelewa, kwa hiyo hilo tuliruke. Wewe mwenyewe ulikataa simu baada ya mama kutuacha, ukasema simu inasahau ilichoambiwa. Basi uvumilie mwandiko wangu.

Nimepata kazi. Usicheke. Najua ni ya nne tangu nifikishe miaka arobaini, na sasa nina arobaini na tisa. Ni kituo cha utafiti wa tabia za watu. Miaka arobaini iliyopita wataalamu walichagua watoto mia nne, wakawa wanawatumia fomu kwa posta kila mwaka: unaogopa nini, ukikosewa unafanyaje, unakumbuka nini cha utotoni. Wanataka kujua tabia ya mtu inatoka wapi na inampeleka wapi. Watoto wale leo ni watu wazima wenye vitambi kama mimi, na bado wanajaza. Kazi yangu ni kusoma muhtasari wa kila mmoja, uliopigwa taipu, na kuuingiza kwenye kompyuta, chini kabisa ya jengo, katika chumba kisicho na dirisha. Hakuna majina, ni namba tu. Daftari la majina liko kwenye droo ya mkuu wetu, Daktari, binti ambaye ningeweza kumzaa, mwenye miwani mikubwa na subira kubwa zaidi. Ananiita Mzee wa Mafaili. Nimelikubali jina hilo kama ninavyokubali kila kitu.

Humo nimeshapata rafiki. Ni mtu namba 212. Miaka arobaini majibu yake ni yale yale! Ukikosewa unafanyaje? "Nanyamaza, kisha nafanya mzaha." Unaogopa nini? "Kuchagua." Ukiwa na njia mbili mbele yako? "Nangoja mtu aniambie." Nimecheka mpaka Daktari akachungulia mlangoni. Nikamwambia, bwana huyu angekuwa jirani yangu, tungepita miaka kumi bila kuamua nani aanze kumsalimia mwenzake.

Mengine ni salama. Koti la marehemu baba limepata vifungo vipya, vyote sita, na bitana mpya, kwa hiyo siku hizi naonekana mtu.

Mdogo wako,
Sawa
(Hata huku wananiita hivyo. Sijamwambia mtu kwamba ndilo jina mlilonipa nyumbani. Nadhani wananisikiliza tu nikijibu.)


Nyumbani, 15 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Barua yako imefika Alhamisi. Nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimevaa miwani.

Hongera kwa kazi. Lakini usiwacheke watu walioandika mambo yao kwa uaminifu. Huyo namba 212 namwonea huruma. Pengine ni mtu mwema sana, ambaye katika maisha yake yote ameeleweka na mtu mmoja tu.

Kazi hiyo hutadumu nayo, na nakwambia kwa upendo. Chumba kisicho na dirisha kitakuumiza kichwa kabla ya mwezi kwisha. Ndivyo ulivyo. Kitakuuma hapa, juu ya jicho la kushoto. Kikianza usijilazimishe. Chumba chako nimekifagia na shuka ni safi. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Jana nilijikuta nimetoa vikombe viwili.

Dada yako


Chumba cha mafaili, 2 Aprili

Dada,

Kichwa kinaniuma. Juu ya jicho la kushoto. Ungekuwa mganga ungetajirika.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Jumatatu nilifika kwenye kumbukumbu za utotoni za rafiki yangu 212. Nikasoma hivi: "Nilipokuwa na miaka minane nilijificha ndani ya tangi tupu la maji nyuma ya nyumba. Walinitafuta tangu mchana mpaka jua likashuka. Niliwasikia wakiniita. Sikuitika, kwa sababu kule ndani nilijisikia vizuri."

Dada, tangi lile ni letu. Ni mimi yule. Sijawahi kumsimulia mtu, lakini nakumbuka kila kitu: harufu ya kutu, ubaridi wa chuma mgongoni, kitobo kimoja cha mwanga kama sarafu, na sauti yako nje ikiniita huku inakatika kwa kilio.

Nikaenda kwenye boksi la fomu zenyewe, zile zilizojazwa kwa mkono. Fomu arobaini. Nilikuwa na barua yako mfukoni, nikaiweka kando yake. Mwandiko ni mmoja. Ule mkia wa herufi "g" unaorudi nyuma kama ndoano, nani mwingine anao?

Kwa hiyo miaka arobaini kuna mtu anayejibu "mimi naogopa", "mimi napenda", "mimi nimeamua", na mtu huyo ni wewe. Sijakasirika. Au labda nimekasirika, sijui. Nilitaka kuangalia kwenye fomu nione huwa nafanyaje.

Niambie ilikuwaje.

Sawa


Nyumbani, 12 Aprili

Mdogo wangu,

Umefanya jambo kubwa kutokana na jambo dogo.

Walipokuja shuleni na fomu zao ulikuwa na miaka tisa, mimi kumi na miwili, na wewe ulikuwa kitandani na matubwitubwi, mashavu yamevimba kama umeficha mayai. Mwalimu akanituma nije na yule bwana wa fomu mpaka nyumbani. Akakuuliza swali la kwanza, ukaniangalia mimi. La pili, ukaniangalia mimi. Bwana yule akacheka, akasema, "Basi dada mtu ajibu." Akanipa kalamu, nikajaza. Mwaka uliofuata fomu ikaja kwa posta, nikakuletea. Ulikuwa unacheza. Ukasema, "Jaza wewe, sawa?" Mwaka mwingine hukuuliza tena. Mwaka mwingine sikukuletea.

Hakuna aliyekuibia kitu. Soma zote, halafu unitajie jibu moja tu lisilo kweli. Moja.

Kichwa kinaendeleaje? Usinywe dawa tumbo likiwa tupu, huwa unasahau.

Dada yako


Chumba cha mafaili, 30 Aprili

Dada,

Nimesoma zote. Sikupata hata moja. Hilo ndilo linaloninyima raha.

Nilimwuliza Daktari, kama mtu anayeuliza ya wengine, tabia ya mtu inatoka wapi. Alifurahi kama nimemwuliza habari za mchumba wake. Akasema wapo wanaoamini tunazaliwa nayo kama tunavyozaliwa na pua. Wapo wanaosema inapikwa miaka ya mwanzo, na kuanzia umri wa miaka saba huko ni kupasha moto tu. Na wapo wanaosema mtu huwa vile anavyoangaliwa: mwite mtoto mzembe kila asubuhi, atafanya juhudi asikuangushe. "Na wewe uko upande gani?" nikamwuliza. Akanipeleka ofisini kwake akanionyesha ukutani. Kuna chati ya watu wote mia nne, kila mmoja na mstari wake. Mistari inapanda, inashuka, inapindana kama nyuzi zilizochezewa na paka. Katikati upo mmoja mwekundu umenyooka kama rula. "Huyu," akasema kwa sauti ya chini kama yuko mahali pa sala, "ni 212. Miaka arobaini hajabadilika. Nimeandika kitabu kizima juu yake. Yeye ndiye ushahidi wangu kwamba tabia ni kitu kigumu kama mfupa."

Nilisimama pale mbele ya mstari wangu. Nilipaswa kumwambia. Nikanyamaza, kisha nikafanya mzaha.

Sasa sikiliza. Niliporudi chini niliangalia tarehe. Mwaka ule niliouacha ukarani wa ghala, fomu inasema, "Mwaka huu nimeacha kazi ya ghala, bosi alinidharau." Muhuri wa posta ni wa Mei. Mimi niliacha Julai. Mwaka niliovunja urafiki na yule jamaa wa baiskeli, fomu imetangulia kwa wiki sita. Nimehesabu mara kumi na moja, Dada. Mara kumi na moja umeandika nimefanya jambo, halafu nikalifanya.

Nimejaribu kuwa mtu mwingine. Jumanne niliamua kugomba. Nilimfokea mlinzi wa getini, nikamwambia siku hizi sipendi anavyonikagua begi. Aliniangalia kwa masikitiko akaniuliza, "Mzee, nyumbani ni salama?" Nikamwomba radhi, nikamnunulia chai.

Na leo asubuhi, katika kufungua bahasha, nimekuta fomu ya mwaka huu ya 212. Wino bado unang'aa. "Nimeacha kazi ya mafaili. Nimerudi nyumbani kwa dada. Nimeachana na yule mshonaji. Nilijua tangu mwanzo kwamba sitaweza."

Sijawahi kukwambia habari za mshonaji. Sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Ni kweli yupo. Duka lake liko mtaa wa nyuma ya kituo. Namwita Fundi, ana maneno makali na vidole laini, na tarehe 9 Juni tunaoana. Nilikuwa natafuta namna ya kukuandikia. Umejuaje?

Sawa


Nyumbani, 8 Mei

Mdogo wangu,

Umeniambia mwenyewe. Barua ya Machi, mstari wa mwisho: koti la baba, vifungo sita na bitana mpya. Wewe hujui kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Fundi wa kulipwa angetia kifungo kilichopungua tu. Anayebadilisha vyote sita ili vifanane ni mwanamke anayekutazama. Haikuhitaji uganga.

Na hizo mara kumi na moja nazo hazikuhitaji. Huwa najaza fomu kwanza, nikikaa mezani kimya na kujiuliza wewe ungefanya nini. Baadaye nakuandikia barua. Mwaka wa ghala nilikuuliza tu kama bosi bado anakudharau. Ulikuwa hujawahi kusema kwamba anakudharau. Ukanijibu, "Umejuaje?" Ukaacha kazi. Sikukulazimisha. Nilikuuliza.

Unanielewa vibaya, na hilo linaniumiza. Mimi sina maisha mengi, mdogo wangu. Nilibaki na baba, kisha nikabaki na mama. Siku moja kwa mwaka nilikaa na fomu ile, nikaandika "mimi" kwa mwandiko mzuri, na siku hiyo nilikuwa mtu anayesafiri, anayeacha kazi, anayecheka. Kisha wewe ukawa unakwenda kuyafanya. Ni kama tumeishi pamoja.

Jambo moja, kwa kuwa umelitaja. Tangi. Uliyeingia tangini si wewe. Ni mimi. Wewe ulikuwa nje na mama, unaniita, unalia, kamasi zimekujaa. Niliandika kwenye fomu kwamba ni wewe kwa sababu sikuwa na pengine pa kuiandika, halafu miaka mingi nikawa nakusimulia hivyo wakati wa kulala, mpaka ukaanza kunisahihisha. Harufu ya kutu, kile kitobo cha mwanga, hivyo ni vyangu. Unaona nilivyokupa vitu vingi?

Njoo nyumbani. Hutaweza kuishi na mtu ambaye hakujui.

Dada yako


Chumba cha mafaili, 14 Mei

Dada,

Nimekaa siku tatu nikijaribu kukumbuka nikiwa nje ya tangi. Siwezi. Nikifumba macho niko ndani, na wewe unaniita.

Sirudi. Naandika neno hilo polepole ili nione linavyoonekana: sirudi. Tarehe 9 Juni, Jumamosi, saa nne asubuhi. Nafasi yako ipo mbele, na Fundi ameniagiza nikuulize kipimo cha bega. Njoo kama dada, kula, ucheke, unitanie mbele ya watu.

Naomba usiniandikie tena mpaka siku hiyo. Si kwa ubaya. Nataka nione wiki hizi nitafanya nini peke yangu.

Mdogo wako


20 Mei

Fundi wangu,

Utashangaa kupata barua kutoka kwa mtu anayekaa dukani kwako kila jioni akikuzuia kufanya kazi. Lakini uso kwa uso nitasema "sawa" kwa lolote utakalosema, unanijua, kwa hiyo nimejificha nyuma ya karatasi kama kawaida yangu.

Mimi si mtu wa kuoa. Ni kama lile koti: umelitia vifungo sita vipya, bado ni koti la baba. Utaamka siku moja useme, "Huyu naye ni nani kitandani kwangu?" nami nitageuka kukuuliza swali hilo hilo. Nimefikiri sana, jambo ambalo halina mazoea na kichwa changu, na nimeona heri nirudi nyumbani kwa dada kabla sijakuharibia miaka yako.

Samahani. Usinitafute. Ukiniona barabarani nisalimie kama mteja aliyesahau kuchukua suruali yake.

Wako,
Sawa


Dukani, 27 Mei

Wifi,

Nakuita hivyo mapema, utanizoea. Mimi ni Fundi. Barua siziwezi, kazi yangu ni mkasi, kwa hiyo nitakata moja kwa moja.

Barua uliyoniandikia kwa jina la mdogo wako imefika jana, Jumamosi. Muhuri ni wa posta ya kwenu, na yeye hajatoka mji huu tangu mwaka uanze. Zako zote alikuwa ameshanionyesha, hata mkia wa "g" naujua. Ilipofika alikuwa amekaa pale kwenye benchi la wateja, amejizungushia futi ya kupimia shingoni, ananisimulia vituko vya mlinzi wao. Nikasema, ngoja nikusomee jambo. Nikamsomea yote kwa sauti, ili tucheke pamoja.

Alicheka. Pale kwenye suruali alicheka sana.

Nikamwambia, "Dada yako ana kipaji."

"Kipaji gani?"

"Cha kuandika kama wewe."

Akaichukua. Akaisoma mwenyewe, kimya. Kisha akautazama mkono wake wa kulia, akaugeuza, akautazama tena.

"Niliipeleka posta lini?" akauliza.

Nikajua ni utani. Huyu mtu anatania hata pasi. Nikamwambia, "Acha mambo yako, nina kazi za watu hapa."

"Sitanii. Nakumbuka nikiiandika. Dirisha lilikuwa kushoto kwangu. Nilipofika kwenye 'samahani' kalamu ikaishiwa wino, nikachukua nyingine."

Wifi, nilimnyang'anya ile karatasi. Mimi nilikuwa nimesoma haraka, sikuangalia wino. Mpaka "nyumbani kwa dada kabla sijakuharibia miaka yako" ni wa bluu. Kuanzia "Samahani" ni mweusi.

Nilikaa chini. Nikamwambia taratibu, kama unavyomwambia mtu aliyeamka vibaya, kwamba tarehe ishirini ilikuwa Jumapili, kwamba alikuwa hapa tangu asubuhi, kwamba alinishikia pindo la pazia nikishona na akajichoma pini, na alama nikamwonyesha kidoleni. "Hukuiandika wewe," nikamwambia.

"Sawa," akasema.

Kisha akasimama. Nimeshona miaka ishirini na sita. Najua mtu anavyosimama akingoja kupimwa: mikono mbali kidogo na mwili, kidevu juu, pumzi ameizuia. Ndivyo alivyosimama mbele yangu, katikati ya duka, mchana kweupe. Alikuwa ananingoja mimi nimwambie yeye ni nani.

Nilijua lililo haki. Haki ilikuwa nimwambie nenda, kaa peke yako, hata mwaka mzima, mpaka usikie sauti ambayo si yangu wala ya dada yako. Maneno yalikuwa hapa mdomoni. Lakini gauni langu limekwisha, linaning'inia pale kwenye hanga, na mimi nina miaka arobaini na minne, na kila jioni kwa miezi minane kuna mtu anakaa kwenye lile benchi.

Nikachukua futi shingoni mwake. Nikamwambia, "Wewe si mtu wa kuyumba. Unajua unachotaka, na ukishaamua umeamua. Unaoa tarehe 9 Juni."

Nikaona mabega yake yanashuka. Akapumua. Akatabasamu, tabasamu ambalo sijawahi kuliona kwake, Wifi, la mtu mwingine kabisa.

"Ndiyo," akasema. "Tangu mdogo niko hivyo."

Fundi